Mshahara Ukipanda, Usikimbilie Kutupa Kadi za Medicaid

Ukiongezwa mshahara huku Marekani, jiandae kupokea barua mbili: ya mwajiri anayekupongeza, na ya ofisi ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inayokuaga. Kabla hujakubali zamu za ziada, haya yawe tayari.

Ukihama nyumba, ofisi ijue wiki hiyo hiyo. Slipu za mshahara tunza zote. Kipato usifiche, majimbo mengi yanataka taarifa ndani ya siku 10, na mshahara wako watauona tu hata ukinyamaza.

Sasa barua yenyewe. Isome jina kwa jina mpaka ukurasa wa mwisho. Mimi sikusoma. Nilikuwa ghalani zamu ya usiku, na kuelekea Krismasi ovataimu zilifululiza. Barua ikaja, ukurasa wa kwanza jina langu na tarehe ya bima kuisha. Nikaishia hapo. Nikajua tumetolewa sote, nikazikata kadi za watoto kwa mkasi. Februari kifua cha mdogo kikabana. Dawa ya kuvuta nikanunua kwa pesa taslimu, kodi ya nyumba ikachelewa, daktari nikamkwepa. Aprili jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, akaniletea barua yake nimsomee. Ukurasa wa tatu: watoto wanaendelea. Nikarudi mbio kwenye droo yangu. Ukurasa wa tatu, majina ya wanangu wote wawili, bima ipo. Ilikuwapo siku zote zile.

Kumbe kikomo cha kipato kwa mtoto kiko juu kuliko cha mzazi, na mkikivuka kuna CHIP, bima ya serikali ya watoto ambao kipato cha familia kimezidi cha Medicaid. Tena tangu Januari 2024, mtoto wa chini ya miaka 19 akishakubaliwa hubaki na bima miezi 12 hata mzazi aongezwe mshahara, ilimradi hamjahama jimbo.

Wewe mzazi nawe usikate tamaa. Uliza, kwa jina hilo hilo, kuhusu Transitional Medical Assistance. Si kila mzazi anaingia, lakini mwenye kipato cha chini kabisa aliyekuwa na Medicaid angalau miezi 3 kati ya 6 iliyopita, akatolewa kwa sababu ya mshahara, anaweza kuongezewa miezi 6 hadi 12. Mimi hakuna aliyenitajia.

Bima ya kazini unaweza kuiomba ndani ya siku 60 tangu Medicaid iishe, usingoje msimu wa kujiandikisha. Uliza makato ya familia nzima, maana watakutajia yako peke yako.

Ofisi ya Medicaid ikikupigia hesabu ya ovataimu za Desemba kana kwamba ni za mwaka mzima, kata rufaa kabla ya tarehe ya kufungiwa ili bima iendelee, ingawa ukishindwa wanaweza kukudai. Mkalimani ni bure. Usimbebeshe mtoto kazi hiyo. Na kila ukipiga simu, andika tarehe, saa na jina la aliyekujibu, hata iwe nyuma ya bahasha.