Namna ya Kuwahoji Wageni wa Nje kuhusu Safari Yao: Lubumbashi Ijifunze kwa Visiwa

Mwanafunzi wa utalii hapa Lubumbashi anapopewa kazi ya mwisho wa masomo inayohusu wageni kutoka nje, mara nyingi hukimbilia hotelini. Huomba ruhusa kwa meneja, huacha karatasi za maswali mapokezini, na baada ya wiki kadhaa hurudi kukusanya zile chache zilizojazwa. Njia hiyo ni nyepesi, lakini majibu yake hupotosha, na sababu ya kupotosha huonekana vizuri mtu akitazama jinsi nchi za visiwa vya joto zinavyoifanya kazi hiyohiyo. Shelisheli, Morisi, Maldivi, Fiji na Vanuatu hutegemea kwa kiasi kikubwa fedha za watalii, kwa hiyo zimelazimika kujua mgeni ametoka wapi, amekaa siku ngapi, ametumia kiasi gani na ameondoka na maoni gani. Mwongozo huu unaeleza njia wanazotumia, na namna ya kuzileta katika uwanja wa ndege wa Luano na mpaka wa Kasumbalesa.

Kisiwa ni kama nyumba yenye mlango mmoja. Karibu kila mtalii anayetembelea Maldivi hupita katika uwanja wa Velana, jirani na Malé. Anayekwenda Shelisheli hupita Mahé, na anayekwenda Fiji kwa kawaida hupita Nadi. Mhojaji anayesimama katika ukumbi wa kuondokea hupata nafasi ya kukutana na kila aina ya mgeni, awe amelala katika hoteli ya kifahari, nyumbani kwa shangazi yake au ndani ya mashua. Hata hivyo, faida kubwa ya kuhoji mlangoni si urahisi. Faida yake ni kwamba kila mgeni huondoka mara moja tu. Mfikirie mhojaji anayeingia katika hoteli ya mjini siku moja aliyoichagua kwa bahati: mgeni anayekaa siku kumi ana nafasi mara kumi ya kukutwa humo kuliko anayelala usiku mmoja. Majibu ya hotelini, kwa sababu hiyo, hujaa watu wa kukaa muda mrefu, na wastani wa siku za kukaa hupanda bila mtu yeyote kudanganya. Zaidi ya hayo, waliofikia kwa ndugu katika komuni za Kenya au Katuba hapa mjini hawahesabiwi kabisa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitafuta milango ya mji wetu. Kwa wageni wa nje, iliyo mikubwa ni miwili: Luano kwa wanaosafiri kwa ndege, na Kasumbalesa, takriban kilomita 90 kutoka mjini, kwa wanaokwenda Zambia kwa barabara. Tusijitetee kwamba sisi hatuko kisiwani. Tanzania, yenye bara na visiwa, huwahoji wageni wanapoondoka katika viwanja vya ndege, ukiwemo wa Zanzibar, na pia katika vituo vya mipakani kama Namanga na Tunduma, kwa ushirikiano wa Benki Kuu, ofisi za takwimu, uhamiaji na mamlaka za utalii za pande zote mbili. Huo ndio mfano ulio karibu zaidi na hali yetu.

Kabla ya kutunga swali lolote, amua nani ni mgeni. Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2008 kuhusu takwimu za utalii yanasema kwamba mgeni ni mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda usiofika mwaka mmoja, kwa shabaha yoyote isipokuwa kuajiriwa na mwajiri wa mahali anapokwenda. Akilala angalau usiku mmoja ni mtalii. Asipolala ni mgeni wa siku moja. Kinachoangaliwa ni makazi yake, na rangi ya pasipoti haihusiki. Katika Visiwa vya Komoro, sehemu kubwa ya wanaoshuka uwanjani Hahaya ni Wakomoro wanaoishi Ufaransa, wanaorudi kwa likizo na kwa harusi kubwa za kimila. Samoa nayo hupokea Wasamoa wengi wanaoishi New Zealand. Hao wote ni wageni kwa hesabu hii, na huacha fedha nyingi. Vivyo hivyo, Mkongomani anayeishi Brussels aliyekuja kumzika baba yake Lubumbashi ahojiwe, hata kama mwenyewe atacheka kuitwa mgeni nyumbani kwao.

Upande wa kazi unahitaji uangalifu zaidi, maana mji huu huishi kwa migodi. Mhandisi aliyetumwa na kampuni ya Johannesburg kwa siku kumi kukagua mitambo ni mgeni; mwenzake aliyeajiriwa na mgodi wa Katanga si mgeni, hata kama hajui neno la Kiswahili. Wahenga walikwisha kulisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akishapokea jembe kwa mshahara wa hapa, mtoe katika orodha. Dereva wa lori anayevuka Kasumbalesa kila wiki, na mama wa Kizambia anayeleta bidhaa sokoni na kurudi jioni, nao hawahesabiwi, kwa kuwa mpaka ni sehemu ya maisha yao ya kawaida. Maswali matatu ya mwanzo yawe ya kuchuja tu: unaishi nchi gani, umekaa hapa usiku ngapi, na shabaha kuu ya safari ilikuwa nini.

Ruhusa iombwe mapema na kwa maandishi. Luano iko chini ya Régie des Voies Aériennes, shirika la serikali la viwanja vya ndege, na pasipoti hukaguliwa na DGM, yaani idara ya uhamiaji; barua ya chuo yenye muhuri ielekezwe kwa zote mbili, ikitaja majina ya wahojaji, tarehe na saa. Wahojaji wavae kitambulisho kifuani, wasipige picha, na wasiulize jina wala namba ya pasipoti. Hilo la mwisho lina uzito wake hapa kwetu. Abiria anayefika ukumbi wa kusubiri amekwisha kulipa Go-Pass, ada ya uwanja wa ndege, na kuonyesha karatasi zake kwa watu kadhaa. Akimwona mtu mwingine mwenye kalamu na orodha, atadhani anadaiwa tena. Mhojaji aseme mara moja kwamba anatoka chuoni, kwamba hakuna malipo, na kwamba mazungumzo yatachukua kama dakika kumi.

Uchaguzi wa mtu wa kuhoji usiachiwe macho ya mhojaji. Kijana akiachiwa uhuru atamfuata mwenye tabasamu, anayejua Kifaransa na asiye na watoto wanaolia. Weka kanuni: baada ya ukaguzi wa pasipoti, mwombe kila abiria wa tano, kwa mpangilio wa kupita, na akikataa andika kwamba amekataa, kisha endelea na wa tano mwingine. Ndugu au wenzi wanaosafiri kwa mfuko mmoja wahojiwe kama kundi moja, na idadi yao iandikwe, watoto wakiwemo. Gawanya siku za kazi kati ya ndege za asubuhi na za mchana, kati ya siku za juma na Jumapili. Usisahau majira: mwezi Juni mji hujaa watu wa mkutano wa migodi, na katika miaka ya Biennale ya Lubumbashi huja wasanii na wapenzi wa sanaa. Utafiti wa wiki moja ya Juni ni utafiti wa wiki moja ya Juni, wala usiitwe wa mwaka mzima.

Kuhusu idadi, hesabu ya takwimu ni kali lakini ya haki. Makundi 100 yaliyochaguliwa vizuri huacha kosa la takriban asilimia 10 juu na chini katika swali la ndiyo au hapana. Makundi 400 hulishusha hadi takriban asilimia 5. Kupunguza kosa kwa nusu hudai watu mara nne. Kwa kazi ya mwanafunzi mmoja, 150 wenye majibu kamili wanafaa kuliko 400 waliojaziwa haraka usiku wa mwisho.

Sehemu ngumu kuliko zote ni fedha, na hapo ndipo mafunzo ya wahojaji yanapaswa kukaa muda mrefu. Ukiuliza jumla peke yake, mgeni hutaja namba iliyo karibu na ulimi. Tuseme umeketi na mama aliyetoka Arusha kwa semina.

— Mama, kwa siku hizi zote ulitumia kiasi gani hapa Lubumbashi?

— Kama dola mia tatu hivi.

— Asante, mama. Hoteli ulilipa mwenyewe?

— Ndiyo. Nimelala mara nne, dola 60 kila usiku.

— Na chakula?

— Asubuhi hotelini, imo ndani ya bei. Jioni nilikula nje, kama dola 15 kila siku.

— Teksi je?

— Aa, teksi! Weka 50 kwa jumla. Halafu kuna hii.

Naye anafungua mkoba na kutoa mkufu na tembo mdogo wa malakiti, lile jiwe la kijani, vya dola 70. Malazi 240, chakula 60, teksi 50, malakiti 70: dola 420, tena bila laini ya simu ambayo hajaikumbuka. Hakudanganya aliposema mia tatu. Alikuwa amekumbuka hoteli na chakula. Ndiyo maana karatasi iwe na mistari ya malazi, chakula, usafiri wa ndani, matembezi, zawadi, simu na mengineyo, na jumla iulizwe mwisho kwa kulinganisha. Kila kiasi kiandikwe kwa fedha aliyoitaja mgeni, iwe faranga, dola au kwacha. Kubadilisha kufanywe baadaye ofisini, kwa kiwango kimoja cha tarehe inayojulikana.

Visiwa vina tatizo la ziada ambalo nasi tunalo kwa sura nyingine. Wageni wengi hununua safari nzima kwao, ndege, hoteli na chakula kwa bei moja, kwa wakala wa Paris au Sydney, na sehemu ya fedha hizo haifiki kisiwani kamwe. Kwa hiyo watafiti wa huko humwuliza mgeni bei ya safari nzima, nini kilikuwamo, na alilipa nini zaidi alipofika, kisha hukadiria sehemu iliyoingia nchini. Kwetu mlipaji huwa kampuni. Mgeni wa mgodi anaweza kukaa wiki mbili asijue bei ya chumba chake. Usimlazimishe kubahatisha, andika nani amelipa, taja hoteli, na bei itafutwe hotelini kwenyewe.

Wakati wa kujumlisha, jihadhari na wastani wa wastani. Familia ya watu wanne iliyolala usiku tano na kutumia dola 1,000 ina jumla ya usiku 20, yaani dola 50 kwa mtu kwa usiku. Mfanyabiashara aliyelala usiku mbili akatumia dola 400 ana dola 200. Anayechukua 50 na 200 na kugawa kwa mbili hupata 125, jambo lisilo kweli. Jumlisha fedha zote, 1,400, gawa kwa usiku wote, 22, nawe utapata kama dola 64. Tofauti hiyo inatosha kumfanya mtu ajenge hoteli isiyo na wateja.

Maswali ya maoni yawe machache, na yasimsukume mgeni. “Je, umefurahia ukarimu wa watu wetu?” ni swali la kuomba sifa, na mtu mwenye adabu atakuitikia. Afadhali mfumo wa tafiti za visiwa vya Pasifiki: nini kilikuvutia zaidi, na nini kilikuvutia kidogo kuliko vyote, kila moja kwa maneno yake mwenyewe. Maneno hayo yaandikwe kama yalivyosemwa. Mgeni akisema “nilitaka kuona maporomoko ya Lofoi lakini sikupata wa kunipeleka Kundelungu”, mhojaji asifupishe kuwa “usafiri”, kwa sababu sentensi hiyo ina habari tatu na neno hilo lina moja. Karatasi iwepo kwa Kifaransa, Kiingereza, Kichina na Kiswahili, na kila tafsiri irudishwe kwa lugha ya kwanza na mtu mwingine ambaye hakuiona karatasi ya asili, ili kujua kama swali bado ni lilelile.

Ipo pia njia ya barua pepe. Vanuatu, Samoa na Visiwa vya Cook zimekuwa zikitumia anwani ambazo wageni huandika katika kadi za uhamiaji, kisha huwatumia dodoso la intaneti wakisharudi makwao. Gharama yake ni ndogo, mgeni hujibu kwa utulivu na anaweza kutazama taarifa za benki yake, lakini sarafu alizotoa mkononi huwa amezisahau, na mengi hutegemea nani atapenda kujibu. Kwa hapa, mwanafunzi hana njia ya kuzipata kadi hizo, wala asizitafute kwa mlango wa nyuma. Anachoweza ni kumwomba anwani mgeni ambaye ndege yake imeitwa katikati ya mahojiano, kwa ridhaa yake, na kuifuta baada ya kupokea jibu. Ukitumia simu, programu ya dodoso iitwayo KoboToolbox hukusanya majibu hata bila mtandao, jambo lenye manufaa makubwa Kasumbalesa.

Mwishoni, linganisha uliowahoji na hesabu rasmi. Ikiwa DGM inaonyesha kwamba robo tatu ya wageni hutoka kwa barabara, nawe umehoji nusu Luano na nusu Kasumbalesa, jibu la kila mtu wa Kasumbalesa lipewe uzito wa 1.5 na la Luano 0.5. Katika ripoti, taja milango uliyosimama, tarehe, idadi ya walioombwa, waliokataa na waliochujwa, kisha ambatisha karatasi ya maswali kama ilivyotumika, pamoja na kiwango cha kubadilishia fedha. Nakala moja ipelekwe kwa waliokupa ruhusa uwanjani na mpakani, kwani mwanafunzi wa mwakani naye atabisha hodi kwao.