Mambo ya kuzingatia kabla hujanunua draya ya kompresa

Gari limepigwa rangi, limetoka linang'aa, na baada ya wiki kadhaa boneti inaanza kuota vipele vidogo vidogo. Ukikipasua kimoja kwa ukucha unakuta chini yake pana unyevu. Fundi atailaumu rangi, ataitilia shaka thina, hata muuza duka atapata lawama zake, kumbe maji yalipita kwenye hosi pamoja na upepo. Kwa gereji za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hili ni tatizo la kila siku, na draya, yaani mashine ya kukausha upepo wa kompresa, inalimaliza kweli. Ila ukiinunua kwa kuangalia bei tu, utakuwa na mashine inayonguruma ukutani huku bunduki ya rangi ikiendelea kutema maji.

Anza kwa kujua una maji kiasi gani. Hewa ya pwani yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Kompresa inayovuta lita 1,000 kwa dakika, ikifanya kazi saa 8 mfululizo, inameza zaidi ya lita 11 za maji. Kwa presha ya bar 7 ya geji, juu ya bar 1 ya hewa ya kawaida, hewa hiyo inabanwa hadi kubaki na sehemu moja ya nane ya nafasi iliyokuwa nayo, na ikipoa haina tena uwezo wa kubeba mvuke wote ule. Ikishuka hadi nyuzi 40, lita 8 na nusu hivi zinageuka maji na kutuama chini ya tenki. Lita 3 zilizobaki zinaendelea na safari kama mvuke, zije zigeuke maji mbele ya safari, ndani ya bomba na kwenye mdomo wa bunduki.

Maana yake ni kwamba kazi kubwa inafanywa na kupoza, hata kabla draya haijafungwa. Kompresa iliyofungiwa kwenye kibanda cha mabati kisicho na dirisha inavuta joto lake yenyewe. Itoe humo, iweke kivulini penye upepo, weka kipozeo kati yake na tenki, na tenki lisikae juani. Koki ya chini ya tenki ifunguliwe kila siku mpaka maji yote yaishe. Kama kuna anayesahau, na yupo kila gereji, nunua koki ya kujifungua yenyewe. Bila hayo draya inabebeshwa mzigo usio wake.

Sasa pima kompresa yako, usiamini kibandiko. Mwaga upepo wote hadi geji isome sifuri, funga koki ya kutolea, washa, na uhesabu dakika mpaka ifike bar 7. Tenki la lita 300 likijaa kwa dakika 3, zidisha 300 kwa 7, gawanya kwa 3: kompresa inatoa lita 700 hivi kwa dakika.

Usikimbilie kununua draya iliyoandikwa lita 700. Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Namba hiyo kwa kawaida hupimwa hewa ikiingia kwenye draya na nyuzi 35, chumba kikiwa na nyuzi 25, presha bar 7. Nani ana gereji ya nyuzi 25 Februari huku pwani? Hewa ikiingia na nyuzi 45 badala ya 35, mvuke inaoweza kubeba unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na draya ile ile inazidiwa. Mwombe muuzaji jedwali la marekebisho la kiwanda, linaloonyesha uwezo wa draya unavyobadilika kwa joto, mtajie joto lako halisi, halafu ndipo mzungumze bei. Asiye na jedwali hilo, muage.

Aina ya draya inategemea kazi. Draya ya kupoza hushusha kiwango cha umande hadi nyuzi 3 hivi, yaani mvuke hautageuka maji mpaka bomba lipoe chini ya hapo, na bomba la gereji ya pwani halifiki huko abadan. Kwa rangi na zana za upepo inatosha kabisa. Draya ya punje, inayopitisha upepo kwenye punje zinazonyonya unyevu, hufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Hiyo ni ya mahali ambapo bomba linapita kwenye chumba cha kugandishia, kama vile kiwanda cha minofu ya samaki, au panapotakiwa hewa kavu sana. Gharama yake si bei tu: ile isiyotumia hita hula asilimia 15 hivi ya upepo wako kukausha punje zake. Na mafuta ya kompresa huziua punje hizo, kwa hiyo filta ya mafuta lazima iitangulie.

Kagua mabomba kabla ya siku ya kufunga. Bomba la chuma lililoliwa na kutu litaendelea kutoa kutu hata upepo ukiwa mkavu. PVC usiitumie kabisa kwa upepo. Ikipasuka inarusha vipande kama visu. Bomba kuu lilale kwa mteremko kuelekea kwenye koki ya kutolea maji, na kila tawi lichomoke upande wa juu.

Umeme unaoyumba huua mota ya draya kama unavyoua friji, hivyo weka kilinda umeme. Asubuhi iwashe draya kwanza, ipoe, ndipo ufungulie upepo. Maji inayotoa yana mafuta: yakinge kwenye dumu, yatulie, na mafuta yanayoelea yaende pamoja na oili chafu, yasimwagwe mtaroni.