Modeli inayojieleza kwa data za seli moja moja

Dada mmoja wa maabara hapa Moshi alikuja na swali ninaloulizwa sana: modeli imezigawa seli zake vizuri, ila msimamizi wake anataka kujua ni jeni zipi zilizoamua. Nilimwelekeza hivi.

1. Fungua Colab (daftari la Python la Google, la mtandaoni), sakinisha maktaba za Python scanpy, scvi-tools na scikit-misc.

2. Pakua data ya mazoezi: `adata = sc.datasets.pbmc3k()`. Ni seli 2,700 za damu ya mtu mwenye afya, jeni 32,738. Faili ni dogo, halimalizi bando. Chuja kama kawaida.

3. Hapa ndipo watu hukesha. Modeli inataka hesabu ghafi za RNA za kila jeni katika kila seli, yaani namba kamili. Kabla ya kusawazisha chochote:

`adata.layers["counts"] = adata.X.copy()`

Usiache `.copy()`. Bila hiyo, `normalize_total` (ya kusawazisha) na `log1p` (ya kupiga logi) zikigusa X, nakala yako nayo inaweza kuharibika. Wala usiiamini `adata.raw` kwa jina lake: kwenye `pbmc3k_processed`, kwa mfano, humo mna namba zilizokwisha pigiwa logi. Hakikisha kwa macho yako: `adata.layers["counts"].data[:20]`. Ukiona 1, 2, 1, endelea. Ukiona 1.63, anza upya. Programu itatoa onyo tu kisha itaendelea na kazi, na michoro itatoka mizuri ajabu. Hiyo ndiyo hatari yenyewe.

4. Bakiza jeni 2,000 zinazobadilikabadilika zaidi, kwa `flavor="seurat_v3"` na `layer="counts"`.

5. Funza `LinearSCVI`, modeli iliyomo kwenye scvi-tools, kwa `n_latent=10`, yaani kila seli inafupishwa kuwa namba kumi, Z_0 hadi Z_9. Upande wa kuingiza una tabaka za neva kama kawaida. Wa kutoa ni wa mstari, hivyo kila jeni ina uzito unaosomeka. Usahihi hupungua kidogo. Mimi naona bei hiyo ni halali kuliko kufunza modeli nzito kisha kuibebesha SHAP, njia ya kukadiria mchango wa kila jeni baadaye, iifasirie.

6. `get_loadings()` hutoa jedwali la uzito wa kila jeni, safu moja kwa kila Z; panga kila safu. NKG7 na GNLY zikikaa ncha moja, hizo ni seli za NK (seli za kinga ziitwazo natural killer). MS4A1 na CD79A ni seli B. Tazama ncha zote mbili, maana alama ya kutoa au kujumlisha peke yake haisemi kitu. Funza tena kwa mbegu nyingine ya nasibu: Z_3 inaweza kuhamia Z_7, kwa hiyo amini kundi la jeni linalojirudia, si namba ya safu. Safu ikijaa RPS na RPL, hizo ni jeni za ribosomu; usikimbilie kuibatiza jina la aina ya seli.