Zhongqiu darasani: anza na mwezi, mikasi baadaye

Zhongqiu, sikukuu ya mbalamwezi ya Wachina, huangukia siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao. Mwaka 2026 ni tarehe 25 Septemba. Walimu wengi huanza na taa za karatasi kwa sababu zinapendeza ukutani. Mimi nawasihi muanze angani. Utaratibu huu nautumia kwa darasa la tatu na la nne.

Hatua ya 1: Kuutazama mwezi
Kuanzia tarehe 13 Septemba hivi, mpe kila mtoto karatasi yenye miraba 16. Kila jioni auchore mwezi kama alivyouona. Kukiwa na mawingu achore mawingu, asikisie. Msiishie siku ya sikukuu, maana mara nyingi mwezi hukamilika usiku unaofuata, na watoto hufurahi mno kuligundua hilo wenyewe.

Hapo ndipo uingize kalenda. Wanaofunga Ramadhani wanajua kuwa mwezi huanza kwa kuandama. Waulize: mbona Idi huzunguka mwaka mzima, lakini Zhongqiu haitoki Septemba au mwanzoni mwa Oktoba? Waache wabishane kwanza. Jibu ni kwamba Wachina huongeza mwezi wa 13 kila baada ya miaka miwili au mitatu, ili kalenda isiachane na majira. Usiiharakishe hatua hii.

Hatua ya 2: Hadithi
Hapo kale palikuwa na majua kumi, dunia ikaungua. Mpiga upinde Houyi akayatungua tisa, akatunukiwa dawa ya kuishi milele. Mkewe, Chang'e, akainywa, akapaa hadi mwezini, ambako sungura hutwanga dawa kwenye kinu. Kwa nini aliinywa? Wapo wanaosimulia kuwa aliiiba, wengine kuwa alimuwahi mwizi. Gawa makundi, kila kundi litetee upande wake. Kisha waambie kuwa mwaka 2024 chombo cha China kiitwacho Chang'e-6 kilileta udongo kutoka upande wa mwezi tusiouona duniani.

Hatua ya 3: Taa
Kunja karatasi ya manila katikati kwa urefu. Kata mistari kuanzia kwenye mkunjo, ukiacha upana wa vidole viwili ukingoni. Kunjua, viringisha, gundisha, weka mpini. Ndani tumia tochi ndogo, kamwe si mshumaa.

Hatua ya 4: Keki za mwezi
Yuebing ni keki nzito za duara zenye nakshi juu. Ndani huwekwa mbegu za yungiyungi au maharage mekundu yaliyosagwa, pengine na kiini cha yai la chumvi. Watoto wafinyange za udongo, wachore nakshi kwa njiti. Ukipata keki halisi, kata moja vipande vinane mle pamoja, kwani familia za Kichina huzila kwa kugawana.

Kabla ya kugawa, soma viambato: baadhi hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, nyingine zina njugu. Waulize wazazi siku chache mapema.