Kurekebisha kichocheo cha ubongo kwa kufuata mawimbi ya beta

Kichocheo hiki ni kifaa kinachopandikizwa mwilini, chenye elektrodi ndani ya ubongo; beta ni mawimbi ya umeme wa ubongo yanayoambatana na ukakamavu wa Parkinson. Mgonjwa wa Parkinson aje asubuhi akiwa hajameza levodopa, dawa ya ugonjwa huo, kwa takriban saa 12. Kama anatoka Rongai kuja Upper Hill, Nairobi, asisafiri peke yake, maana foleni na mwili uliokakamaa haviendani. Abebe vidonge vyake.

Zima kichocheo, mketishe atulie, kisha rekodi kila jozi ya vituo (sehemu za chuma) vya elektrodi, upande wa kulia na wa kushoto. Kwenye grafu, tafuta kilima cha beta kati ya 13 na 35 Hz; jozi yenye kilima kirefu zaidi ndiyo ya kuanzia. Kisipoonekana, uliza kama amemeza dawa, maana hushusha beta, kabla ya kulaumu elektrodi. Vilele vinavyofuata mapigo ya moyo ni uchafu tu, hasa betri ya kichocheo ikiwa kifuani kushoto. Kuongea na kutikisa kichwa pia huchafua rekodi.

Chochea kituo kilicho katikati ya jozi hiyo ili vituo vya juu na chini yake viendelee kusikiliza beta. Weka 130 Hz na upana wa mpigo wa mikrosekunde 60, anza mkondo wa umeme na sifuri, panda kwa 0.5 mA, ukikagua ugumu wa kiwiko na kasi ya vidole kila hatua. Beta ikishuka na isipungue tena hata ukiongeza, simama hapo. Ulimi ukiwa mzito, uso ukivutika au ganzi ikigoma kuondoka, rudi nyuma, hata kama grafu inapendeza. Mtetemeko upime kwa macho; beta haiuelezi vizuri.