Unanunua sheli ya zamani Michigan? Anza hapa

Ndugu zangu wa Grand Rapids na Kentwood, hauishi mwezi bila mtu kunipigia simu kwamba kapata gereji au sheli iliyofungwa, bei ya kutupa. Namuuliza: umeshasaini? Mimi kazi yangu ni kutoboa ardhi na kupima udongo. Msaada wa jimbo kwa viwanja vichafu upo, ila unafuata saa.

Hatua ya 1: Fukua historia kwanza. Uchunguzi wa awamu ya kwanza hauchimbi kitu. Mtaalamu anapekua mafaili ya zimamoto, picha za angani na ramani za Sanborn, zilizochorwa zamani kwa ajili ya bima ya moto. Kuna muuzaji aliapa kwamba jengo lake ni duka la viatu tangu yeye aote meno. Ramani ikaonyesha draiklina. Dawa yao, PCE, ni nzito kuliko maji, kwa hiyo inazama hadi chini kabisa, halafu mvuke wake unapanda na kupenya nyufa za sakafu. Hapo ndipo unaleta mtambo wa kutoboa.

Hatua ya 2: Hesabu siku 45. Hapa ndipo wengi wanaumia. Sheria ya Michigan inaweza kumbebesha mnunuzi mzigo wa uchafu asiouleta yeye. Kinga yako ni BEA, ripoti inayoonyesha uchafu uliokuwapo kiwanjani kabla yako. Ifanyike kabla ya kununua au kuhamia, au ndani ya siku 45 baada ya lile lililotangulia, kisha ifike idara ya mazingira ya jimbo, EGLE, ndani ya miezi 6 tangu siku hiyohiyo. Mteja mmoja alipewa funguo mapema, akaingiza matairi yake kabla ya hati. Yeye alihesabu kuanzia hati. Sheria ilihesabu kuanzia matairi. Na ukiwa nayo BEA, bado huruhusiwi kuwalaza wapangaji juu ya mvuke.

Hatua ya 3: Bisha hodi manispaa. Usifunge safari ya Lansing, makao makuu ya jimbo. Ruzuku na mikopo ya EGLE hupitia serikali za mitaa. Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni Sheria namba 381 ya 1996. Tuseme kiwanja kinalipa kodi ya dola 4,000 kwa mwaka. Ukishasafisha na kujenga, inapanda hadi 30,000. Ile nyongeza ya 26,000, au sehemu yake kubwa, inakurudia mwaka hadi mwaka mpaka gharama zilizokubaliwa ziishe. Ukitaka na fungu la kodi ya shule, jimbo lazima liridhie. Mpango upitishwe kwanza, ndipo uite matinga.

Hatua ya 4: Tunza karatasi. Kila lori la udongo linaloondoka lina hati yake ya kupokelewa dampo. Piga picha palepale, dereva akiwa bado yuko getini. Hurudishiwi senti kwa maneno.