Kukata chuma bapa cha pete ya mlingoti

Mlingoti wa jahazi haukatwi ili upimwe kipenyo. Mimi hapa Lamu huuzungushia uzi mara moja, nikautia alama, kisha nikaunyoosha juu ya futi. Juzi zilitoka sentimita 66. Zidisha kwa 7, gawanya kwa 22: kipenyo ni sentimita 21.

Sasa pete. Hapa ndipo vijana wengi wa karakana huharibu chuma. Chuma kina unene. Kikikunjwa, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutika, kwa hiyo hesabu ya urefu hufuata katikati ya unene. Changu kina unene wa milimita 5, yaani sentimita 0.5. Ongeza kwenye kipenyo: 21.5. Zidisha kwa 22, gawanya kwa 7, upate kama 67.6. Ukikata 66, pete haivaliki, na chuma kimekwenda bure.

Hiyo 22/7 si pai kamili, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake. Archimedes, mtaalamu wa hesabu wa Ugiriki ya kale, alithibitisha kuwa imezidi kidogo. Al-Kashi, mtaalamu wa hesabu Mwajemi, huko Samarkand katika Asia ya Kati mwaka 1424, aliifikisha pai tarakimu 16 baada ya nukta. Kwa pete hii tofauti haifiki nusu milimita, nami naipenda hiyo 22/7 kwa kuwa naikokotoa kwa chaki juu ya ubao.

Kabla ya kuchomelea, uvishe mlingoti pete, utazame kama ncha zinakutana.